Saladi ya Majani Yenye Rangi Nyingi na Vinegreti ya Nyumbani: Mwongozo Kamili

Saladi zinazoharibika huharibika kwa namna zilezile. Majani yamenywea kabla watu hawajakaa mezani. Maji ya waridi yametuama chini ya bakuli. Sosi imejitenga, mafuta juu na siki chini, kwa hiyo aliyepakua mwanzo anakula mafuta matupu na aliyepakua mwisho anakunja uso kwa ukali. Mwandaaji hulaumu majani, au siki, au vipimo alivyopewa.

Mara nyingi mkosaji ni maji. Kuna maji yaliyobaki kwenye majani baada ya kuoshwa, maji yanayochuruzika kutoka kwenye nyanya na tango, na maji ambayo chumvi huyavuta kwenye mboga saladi ikikolezwa mapema mno. Karibu kila hatua hapa chini ipo ili kuyadhibiti maji hayo. Ukibanwa na muda, punguza aina za mboga, acha mbegu, acha hata bitiruti. Kukausha majani usikuruke.

Sosi yenyewe ni vinegreti, yaani siki na mafuta vilivyopigwa pamoja hadi vishikane. Haihitaji jiko wala mashine.

## Mahitaji (watu 4)

Majani na mboga

- Majani ya letusi gramu 200, ya aina mbili au tatu. Chagua yanayokakamaa, changanya na laini, na ukipata, ongeza konzi moja ya majani yenye ukali, kama ya mboga iitwayo roketi (arugula)
- Kabichi ya zambarau, gramu 100
- Karoti 1 ya wastani
- Tango 1 dogo
- Nyanya ndogo 12, au nyanya 2 za kawaida zilizoiva lakini bado imara
- Pilipili hoho ya njano, nusu
- Kitunguu maji chekundu, robo
- Bitiruti 1 ndogo (si lazima)
- Parachichi 1 lililoiva lakini linalokatika bila kupondeka
- Mbegu za maboga au za alizeti, vijiko vikubwa 2

Vinegreti

- Siki ya tufaha au ya zabibu, vijiko vikubwa 2 (mililita 30)
- Mafuta ya zeituni au ya alizeti, vijiko vikubwa 6 (mililita 90)
- Haradali laini ya kupaka, kijiko cha chai 1
- Asali, kijiko cha chai 1
- Chumvi, nusu kijiko cha chai
- Pilipili manga, ikiwezekana isagwe wakati huohuo

Vifaa

- Bakuli kubwa la kuchanganyia. Liwe kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, majani yasizidi nusu yake
- Beseni au bakuli la kuoshea
- Kikaushio cha mboga cha kuzungusha, au taulo mbili safi za jikoni
- Kisu kikali na ubao ambao haujakatiwa nyama mbichi
- Kikwaruzio cha mboga na chujio
- Chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana vizuri

Hesabu dakika 40 kama ni mara yako ya kwanza. Nusu ya muda huo ni wa kusubiri tu.

## Mafuta gani, siki gani

Mafuta ya zeituni yana ladha yake na yanaonekana kwenye saladi. Ya alizeti yamepoa, huacha mboga zijisemee. Yote ni sawa. Usiyotumia ni mafuta ya nazi, kwa sababu huganda joto likishuka chini ya takriban nyuzi 24 za Selsiasi, na majani uliyoyatoa kwenye friji yatajaa vipande vyeupe vya mafuta. Mafuta ya ufuta uliokaangwa yana harufu nzito. Tia kijiko kimoja cha chai ndani ya mafuta mengine, hapo inatosha.

Siki nyeupe ya kawaida ni kali na haina ladha nyingine ya kuufunika ukali huo. Inatumika, ila punguza kidogo na uongeze asali. Siki ya tufaha ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza: ina utamu wa mbali na inasamehe makosa ya vipimo. Ukipenda limau, kamua lililo bichi. Limau moja la wastani hutoa vijiko vikubwa viwili hadi vitatu vya maji, kwa hiyo moja linatosha kabisa.

## Rangi zina tabia tofauti

Watu wengi huchagua mboga kwa rangi, wakazimimina zote bakulini, kisha wanashangaa rangi zimechanganyikana na kuwa tope. Inafaa kujua kila rangi inafanya nini ikikutana na siki na mafuta, maana mpangilio wa hatua zote unatokana na hapo.

Kijani cha majani kinatokana na klorofili. Asidi huiharibu. Majani yakikaa ndani ya siki muda mrefu, kijani kibichi hugeuka kuwa kijani kilichofifia, cha kahawia kahawia. Kwa hiyo majani hukutana na sosi mwishoni kabisa.

Zambarau ya kabichi ni kinyume chake. Inatokana na anthosianini, na asidi huing'arisha: kabichi iliyofifia ikiguswa na siki huwa nyekundu ya zambarau inayowaka. Hii hupewa siki mapema, na kuchelewa kwako hakuidhuru.

Rangi ya bitiruti ni betalaini, nayo huyeyuka kwenye maji. Tone moja la maji linatosha kuisafirisha bakuli zima. Bitiruti hutayarishwa pembeni na huingia baada ya kila kitu.

Karoti haina matata. Rangi yake, karotini, huyeyuka kwenye mafuta, haihami kirahisi, na mafuta ya sosi huusaidia mwili kuifyonza.

Jambo la mwisho kuhusu rangi: majani yawe zaidi ya nusu ya saladi yenyewe. Rangi tano zinatosha. Zikizidi hapo, kila tonge linakuwa na ladha ileile ya mchanganyiko, na kijani ulichokusudia kiwe msingi hakionekani tena.

## Hatua ya 1: Osha majani, kisha uyanyanyue

Nawa mikono. Tenganisha majani moja moja kutoka kwenye shina, tupa yaliyooza au yenye utelezi. Jaza beseni maji baridi, zamisha majani, yakoroge taratibu kwa mkono, halafu yaache dakika 10 bila kuyagusa.

Kuyaacha kuna faida mbili. Mchanga unazama chini, na majani yaliyolegea hunywa maji na kukakamaa tena. Jani lililonywea kidogo kwa sababu ya kukaukiwa huamka kabisa ndani ya maji baridi. Lililooza haliamki.

Sasa nyanyua majani kwa mikono, usiyamwage pamoja na maji. Ukiyamwaga kwenye chujio, mchanga wote uliokuwa umetulia chini unapita juu ya majani na kurudi ulikotoka. Mwaga maji, suuza beseni, rudia. Ukigusa chini ya beseni na vidole visikute chembe yoyote, umemaliza. Majani ya kununua kwa fungu mara nyingi huhitaji maji matatu.

Usitumie sabuni. Majani huifyonza, na haikutengenezwa kuliwa.

## Hatua ya 2: Kausha kwelikweli

Hapa ndipo saladi nyingi hufia. Mafuta na maji havishikani. Jani likiwa na utando wa maji, vinegreti huteleza juu yake na kwenda chini ya bakuli, ambako inakutana na maji mengine na kuwa nyepesi. Mwandaaji anaonja, anaona haina ladha, anaongeza sosi, nayo inateleza vilevile. Mwisho wa yote ana supu baridi.

Kama una kikaushio, kijaze nusu tu, zungusha, mwaga maji, geuza majani, zungusha tena. Kukijaza pomoni kunafanya majani ya katikati yabaki na maji yote.

Kama huna, tandaza majani kwenye taulo safi kwa safu moja, funika kwa taulo ya pili, viringisha kama mkeka bila kubana, kisha fungua. Badilisha taulo ikilowa. Njia nyingine ni kuyafunga ndani ya taulo kubwa, kushika pembe zake nne, kutoka nje na kuizungusha kwa nguvu. Inachekesha kuitazama, lakini inafanya kazi kuliko vikaushio vingi vya bei rahisi.

Utajuaje yamekauka? Bonyeza kipande cha karatasi ya jikoni juu ya majani machache. Kikitoka na madoa ya maji, rudia. Kikitoka kikavu, endelea.

Chana majani kwa mikono au kata kwa kisu kikali, vipande vya kutosha kuingia mdomoni bila kukunjwa. Kisu butu huyaponda, na kingo zilizopondeka hugeuka kahawia upesi. Yafunike kwa taulo kavu, weka kwenye friji wakati ukiendelea na mengine. Jani baridi hukaa wima muda mrefu zaidi.

## Hatua ya 3: Kitunguu kwenye maji, kabichi kwenye siki

Kata kitunguu vipande vyembamba kadiri kisu chako kinavyoweza. Tumbukiza kwenye maji baridi kwa dakika 10, kisha chuja na ukaushe. Ukali wa kitunguu kibichi unatokana na kemikali zenye salfa zinazozaliwa kisu kinapopasua seli zake, na maji huzisuuza nyingi. Utabaki na utamu na mlio wa kutafuna. Kuviruka hivi vijidakika kumi kunafanya saladi nzima inukie kitunguu na kuwafuata walaji hadi jioni.

Kabichi ikate nyuzi nyembamba, unene wa milimita 2 hivi. Weka kwenye bakuli dogo, nyunyiza chumvi kidogo mno ya kushika kwa vidole viwili na kijiko kimoja cha chai cha siki, kisha isugue kwa vidole kwa nusu dakika. Iache.

Baada ya dakika 10 itazame tena. Rangi imewaka, nyuzi zimelegea kidogo lakini bado zinalia ukizitafuna, na kuna maji machache chini. Mwaga maji hayo. Kama kabichi bado ni ngumu kama ilivyokuwa, uliikata nene, basi iongezee dakika tano.

## Hatua ya 4: Toa maji kwenye tango na nyanya

Tango pasua katikati kwa urefu. Kwa kijiko cha chai, kwangua mbegu zote za katikati, kwa kuwa hapo ndipo maji mengi yalipo. Kata vipande vya nusu mwezi. Ganda liache kama ni jembamba, linaongeza kijani.

Nyanya ndogo kata katikati. Za kawaida kata vipande nane. Ziweke pamoja na tango kwenye chujio lililo juu ya bakuli, nyunyiza chumvi kidogo, subiri dakika 10 hadi 15. Chumvi itayavuta maji yatoke hapa, badala ya yatokee mezani mbele ya wageni.

Maji yaliyodondoka usiyamwage. Yana ladha ya nyanya na yana chumvi. Kijiko kimoja kikubwa cha maji hayo ndani ya vinegreti hufanya kazi ambayo siki peke yake haiwezi. Ukiyatumia, punguza chumvi ya sosi.

Nyanya ambazo hazijakatwa usiziweke kwenye friji siku moja kabla. Baridi huua harufu yake, na nyanya isiyo na harufu ni rangi tu.

## Hatua ya 5: Mboga ngumu, na bitiruti peke yake

Karoti ikwaruze kwenye matundu makubwa, au imenye iwe utepe mrefu kwa kifaa cha kumenyea viazi. Mimi napenda utepe, kwa sababu karoti iliyokwaruzwa ndogo sana hushuka chini ya bakuli na kubaki huko. Pilipili hoho toa mbegu na utando mweupe wa ndani, kata nyuzi.

Bitiruti ishughulikie mwisho, kwenye ubao uliotandikwa karatasi, vinginevyo karoti yako itakuwa nyekundu. Menya, kata vipande vyembamba sana au kwaruza. Suuza kwa maji baridi hadi maji yasitoe rangi nzito, kausha kwa karatasi ya jikoni (si taulo unayoipenda), kisha ipake kijiko kimoja cha chai cha mafuta. Kwa kuwa rangi yake huhama kwa maji, utando wa mafuta huichelewesha. Iache kwenye bakuli lake.

## Hatua ya 6: Piga vinegreti

Kipimo cha msingi ni sehemu moja ya siki kwa sehemu tatu za mafuta. Wanaopenda ukali huenda moja kwa mbili. Anza na moja kwa tatu, kwa sababu ni rahisi kuongeza siki kuliko kuiondoa.

Kwanza siki, chumvi, haradali, asali na pilipili manga. Weka kwenye chupa, funga, tikisa hadi usisikie chembe za chumvi. Chumvi huyeyuka kwenye siki lakini haiyeyuki kwenye mafuta. Ukitanguliza mafuta, chembe zinavishwa utando na kubaki nzima, halafu mtu anatafuna chumvi tupu kwenye tonge la pili.

Halafu mafuta, kwa awamu tatu. Mimina theluthi, funga, tikisa kwa nguvu sekunde 15. Rudia. Siki na mafuta havipendani, na kinachovishikanisha ni haradali: ganda la mbegu yake lina ute unaozizunguka chembe ndogo za mafuta na kuzizuia zisiungane tena. Asali husaidia kwa uzito wake. Mafuta yakiingia kidogo kidogo, chembe zinakuwa ndogo zaidi, na sosi inashikana vizuri zaidi.

Kama huna haradali, tumia kijiko kimoja cha chai cha ufuta uliosagwa laini au cha siagi ya karanga isiyo na sukari. Ladha itabadilika, kushikana kutabaki.

Inavyotakiwa kuonekana: si angavu tena, imekuwa na wingu, rangi ya manjano iliyopauka, na ukiinamisha chupa inateremka polepole ukutani ikiacha utando. Inapaswa kukaa hivyo dakika kadhaa bila kujitenga. Ikijitenga baada ya nusu saa si kosa, tikisa tena wakati wa kutumia.

Onyo moja kuhusu blenda. Mafuta ya zeituni ya daraja la juu yakisagwa kwa kasi huweza kuwa machungu. Tumia mkono. Kama lazima utumie blenda, tumia mafuta ya alizeti.

Namna ya kuonja. Usionje kwa kijiko. Vinegreti peke yake lazima iwe kali, kwa kuwa itasambaa juu ya majani yasiyo na chumvi. Chovya jani moja, kung'uta, kula. Likiwa kali, ongeza mafuta kijiko kimoja au asali kidogo. Likiwa zito la mafuta, ongeza siki matone machache. Kama halina kasoro unayoweza kuitaja lakini halivutii, ni chumvi. Watu wengi hapo huongeza siki, wanaharibu.

## Hatua ya 7: Kaanga mbegu

Kikaango kikavu, moto mdogo, koroga bila kuondoka, dakika 3 hadi 5. Zikianza kupasuka na kunukia, zimwage kwenye sahani mara moja. Zikiachwa kwenye kikaango cha moto huendelea kuiva hata jiko likiwa limezimwa.

## Hatua ya 8: Changanya, dakika za mwisho tu

Waite watu mezani kwanza. Sisemi kwa utani. Mafuta hupenya utando wa nta uliolinda jani na kuingia kwenye nafasi zake za hewa, na chumvi huvuta maji yake nje. Baada ya dakika 10 hadi 15 letusi laini huanza kulala.

1. Weka karoti, hoho, kabichi, kitunguu, tango na nyanya kwenye bakuli kubwa. Tia vijiko vikubwa 2 vya vinegreti, changanya. Mboga nzito zinahitaji kusuguana na sosi, na majani hayawezi kuvumilia kazi hiyo.

2. Ongeza majani yote yakiwa baridi na makavu. Mimina vijiko vikubwa 3 vya vinegreti kuzunguka ukuta wa bakuli, si katikati. Ukimimina katikati, jani moja linazama na mengine hayaguswi.

3. Kwa mikono safi, vidole vikiwa wazi, nyanyua kutoka chini kwenda juu, geuza, achia. Fanya hivyo mara 10 hadi 15 kwa wepesi. Mikono inahisi mahali pakavu, kijiko hakihisi.

4. Simama. Jani likitazamwa linang'aa kote, na chini ya bakuli hakuna sosi iliyotuama. Likiwa na sehemu kavu, ongeza kijiko kimoja. Sosi iliyobaki si lazima iishe. Vipimo vya hapo juu hutoa ziada kwa makusudi.

5. Kata parachichi sasa, si mapema. Nyama yake hugeuka kahawia ikikutana na hewa, na ukiligeuzageuza na majani huwa uji wa kijani. Panga vipande juu, dondoshea limau au vinegreti kidogo, kwani asidi huchelewesha kuwa kahawia.

6. Tawanya bitiruti juu, halafu mbegu. Usigeuze tena. Peleka mezani.

Ukitaka kuipanga kwa sahani za mtu mmoja mmoja, weka majani kwa kuyaachia kutoka juu kidogo ili yasimame, usiyakandamize. Kisha chukua mboga nzito zilizobaki chini ya bakuli uzisambaze kwa usawa. Zitakuwa zimebaki chini, daima.

## Kama unatumia majani magumu

Sukuma wiki na kabichi nyembamba zinafuata sheria nyingine. Ondoa uti wa katikati wa sukuma, kata nyuzi, tia chumvi kidogo na kijiko cha mafuta, sugua kwa mikono dakika 2 hadi zipungue na kuwa kijani cha kung'aa. Hizi unaweza kuzikoleza nusu saa kabla, zinazidi kuwa nzuri. Mtu anayelazimika kubeba saladi kwenda mbali atumie hizi, asijitese na letusi.

## Matatizo na namna ya kuyatengeneza

Chini ya bakuli kuna maji. Nyanyua saladi kwa mikono uihamishie bakuli jingine, acha maji yalipo. Ongeza kijiko kimoja cha vinegreti na chumvi kidogo, geuza mara chache.

Vinegreti imekataa kushikana. Weka kijiko cha chai cha haradali kwenye bakuli safi, kisha mimina ile iliyojitenga tone kwa tone huku ukipiga kwa uma. Itarudi.

Saladi ni kali mno na tayari imechanganywa. Usiongeze sukari juu ya majani, haiyeyuki kwenye mafuta. Ongeza majani makavu zaidi, au parachichi, ambalo mafuta yake hutuliza ukali.

Imezidi chumvi. Majani zaidi, tango zaidi, na safari hii lisitiwe chumvi.

Haina ladha ingawa sosi ni nyingi. Majani yalikuwa na maji. Hapa hakuna tiba nzuri. Fuata njia ya kuhamisha bakuli iliyotajwa juu, na usitarajie makubwa.

Kila kitu kimekuwa cha waridi. Bitiruti iliingia mapema. Inalika vizuri tu.

## Kuandaa mapema na kuhifadhi

Majani yaliyooshwa na kukaushwa vizuri hukaa kwenye friji siku 3 hadi 5, ndani ya chombo chenye mfuniko kilichotandikwa karatasi kavu ya jikoni. Badilisha karatasi ikilowa. Kabichi, karoti na hoho zilizokatwa hukaa siku 2 zikiwa kwenye vyombo tofauti. Tango na nyanya kata siku ya kula.

Saladi iliyokatwa isikae nje ya friji zaidi ya saa 2. Kama jikoni kuna joto kali, punguza muda huo.

Vinegreti isiyo na kitunguu saumu wala majani mabichi ya viungo hukaa wiki moja kwenye friji bila wasiwasi. Mafuta ya zeituni yataganda kidogo humo. Itoe nje dakika 20 kabla, kisha tikisa.

Ukitia kitunguu saumu kibichi, badilisha hesabu. Bakteria wa *Clostridium botulinum* hustawi mahali pasipo hewa na pasipo asidi ya kutosha, na kitunguu saumu kilichozama ndani ya mafuta ni mahali hapo hasa. Sumu yao haina lazima ionekane wala inuke. Vinegreti ya namna hiyo ihifadhi kwenye friji tangu mwanzo, itumie ndani ya siku 3, iliyobaki imwage. Usiiache mezani usiku kucha. Njia salama zaidi ni kuponda kitunguu saumu, kukipaka kwenye ukuta wa bakuli la saladi na kukiondoa, ukabaki na harufu bila kukiweka chupani.

Saladi iliyokwisha kukolezwa haihifadhiki. Ikibaki, uile mchana huohuo ikiwa ndani ya mkate, pamoja na yai la kuchemsha.